Majumba ya Sinema Pana: Tuyapige Picha Kabla Tingatinga Halijafika

Ndugu msomaji, siku utakapojaliwa kufika Omaha, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la Nebraska huko Marekani, ifuate barabara ya Dodge kuelekea magharibi. Utapita mahali ambapo mwaka 2001 palisawazishwa ili pafanywe maegesho ya magari. Hapana kitu cha kumsimamisha msafiri. Lakini wewe simama kidogo, kwa maana juu ya ardhi hiyo, kwa muda wa zaidi ya miaka 38, palikuwa na jumba la sinema la duara lililoitwa Indian Hills. Watu walilijia kutoka miji ya mbali, wakiwa wamevaa nguo zao za Jumapili na tikiti zenye namba za viti mikononi.

Jumba hilo lilifunguliwa Desemba 1962. Kiwambo chake, yaani kile kitambaa cheupe kinachopokea picha, kilikuwa na upana wa futi 105, ambazo ni karibu mita 32. Fikiria mabasi matatu ya abiria yaliyopangwa mstari mmoja, la mbele likigusana na la nyuma. Leo anayetaka kuliona jumba hilo hana budi kulitafuta katika picha. Na picha hizo zipo kwa sababu wako watu waliowahi kufika na kamera kabla ya tingatinga.

MASHINE TATU, KIWAMBO KIMOJA

Huenda msomaji akauliza: kwa nini mtu ajenge jumba la duara kwa ajili ya sinema? Waswahili husema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, televisheni iliingia majumbani mwa Wamarekani, na watazamaji wakaanza kuzihama sinema. Wenye sinema wakatafuta kitu ambacho sanduku la sebuleni lisingeweza kukitoa. Jawabu moja lilitoka kwa mvumbuzi Fred Waller, ambaye wakati wa vita alikuwa ametengeneza mtambo wa kuwafundishia wapiga mizinga wa ndege kwa kutumia picha za sinema. Uvumbuzi wake mpya uliitwa Cinerama, na watu wa New York waliuona kwa mara ya kwanza tarehe 30 Septemba, 1952.

Filamu ile ilianza kwa picha ndogo isiyo na rangi, mtu mmoja akihutubia. Ghafla mapazia yalifunguka kushoto na kulia, na watazamaji wakajikuta kana kwamba wamepakiwa ndani ya gari la michezo linaloporomoka kwa kasi juu ya reli. Siri yake ilikuwa hii: kamera yenye lenzi tatu ilipiga mikanda mitatu kwa wakati mmoja, na ukumbini mashine tatu ziliionyesha mikanda hiyo bega kwa bega. Kiwambo kilipindwa kama upinde ili picha imzunguke mtazamaji, na uwanja wa picha hiyo ulifikia nyuzi 146. Kiwambo chenyewe hakikuwa kitambaa kimoja, bali vipande vyembamba vya wima vipatavyo 1,100, vilivyowekwa kwa mshazari ili mwanga wa upande mmoja usiruke na kuififisha picha ya upande wa pili. Sauti nayo ilikuwa na mkanda wake wa peke yake, wenye njia saba.

Mtambo kama huo hautoshi vizuri katika jumba la kawaida. Ndiyo maana mchoraji wa majengo Richard Crowther aliyachora majumba matatu ya duara kwa ajili yake: la Denver lililofunguliwa mwaka 1961, na ya Minneapolis na Omaha yaliyofuata mwaka 1962. Wakati huo huo, gharama za mikanda mitatu zilikuwa zimewachosha watengenezaji wa filamu. Kuanzia mwaka 1963 wakageukia mkanda mmoja mpana wa milimita 70. Majumba ya duara yakabaki na viwambo vyao vikubwa, yakionyesha filamu za namna nyingine, huku miji ikikua na kuyazunguka na bei ya ardhi ikipanda.

MIEZI YA MWISHO

Jumba la Minneapolis lilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. La Denver likafuata mwaka 1994, na mahali pake pakajengwa duka la vitabu. Indian Hills lilifunga milango mwaka 2000, likanunuliwa na shirika la hospitali jirani, na mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba litavunjwa kupisha magari. Wakazi wa Omaha waliandamana na kukusanya saini. Hata waigizaji mashuhuri wa Hollywood waliandika barua za kuliombea. Haikufaa kitu. Agosti 2001 kazi ya kubomoa ilianza, na mkazi mmoja wa mji huo, Jim Fields, akaifanya habari hiyo kuwa filamu iliyotolewa mwaka 2006.

Tuseme haki, ndugu msomaji. Hospitali huhitaji maegesho, na mgonjwa anayefika akihangaika hana haja ya hadithi za sinema. Hakuna mji duniani unaoweza kuhifadhi kila jengo. Lakini mji unaobomoa bila kuweka kumbukumbu hupoteza mara mbili: hupoteza jengo, kisha hupoteza hata habari kwamba jengo lilikuwapo.

Kulipiga picha jumba la sinema si kazi nyepesi. Ndani mna giza lililokusudiwa na wajenzi, kwa hiyo kamera huwekwa juu ya miguu mitatu na lenzi huachwa wazi kwa sekunde nyingi, wala mtu haruhusiwi kutikisa sakafu. Kiwambo kilichopindwa hakiingii chote katika lenzi ya kawaida. Mpiga picha hulazimika kupiga kushoto, katikati na kulia, kisha kuziunganisha picha zake tatu. Kwa njia hiyo hupata taabu ile ile waliyoipata wenye mashine tatu, waliokuwa wakihangaika kuificha mistari ya maungio isionekane na watazamaji.

Mjapani Hiroshi Sugimoto, tangu miaka ya 1970, amepiga majumba ya sinema kwa namna yake. Huiacha lenzi wazi tangu filamu inapoanza hadi inapokwisha. Maelfu ya picha za filamu hukusanyika zikawa mwanga mweupe mtupu, na mwanga huo ndio unaoangaza viti, nguzo na nakshi za dari. Kile ambacho watu walikilipia kiingilio hufutika, na ukumbi, ambao hapana aliyeutazama, ndio unaobaki.

Marekani yenyewe ina utaratibu wa serikali, ulioanzishwa mwaka 1933, wa kupima majengo ya kihistoria, kuyachora, kuyapiga picha na kuziweka kumbukumbu zake katika Maktaba ya Bunge, ambako mtu yeyote anaweza kuziona. Na si kila habari huishia kwa tingatinga. Katika mji wa Seattle, jumba la Cinerama la mwaka 1963 lilinunuliwa mwaka 1998 na tajiri Paul Allen baada ya wananchi kupiga kelele. Likakarabatiwa na kuwekewa tena kiwambo cha vipande. Lilifungwa mwaka 2020, kisha likafunguliwa tena Desemba 2023 chini ya chama kinachoandaa tamasha la filamu la mji huo.

NA SISI JE?

Msomaji wa Dar es Salaam asidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo tu. Sisi nasi tulikuwa na kiwambo chetu kikubwa. Kuanzia mwaka 1966, kule Msasani, palikuwa na sinema ya wazi ambayo watu waliingia na magari yao, maarufu kwa jina la Drive-in. Baba yangu husimulia jinsi walivyokwenda wakiwa wamebanana katika gari la jirani, watoto wakipakatwa, sufuria ya wali imefungwa kwa kitambaa, na upepo wa bahari ukipuliza kabla filamu haijaanza. Wasiokuwa na magari, anasema, nao hawakukosa pa kukaa. Sinema hiyo haipo tena. Baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa kwa bomu tarehe 7 Agosti, 1998, ubalozi mpya ulijengwa mahali hapo, ukafunguliwa mwaka 2003.

Nilipokusudia kuandika makala haya niliomba albamu ya nyumbani. Nilikuta picha za harusi, za ubatizo, na ile ya baba na mama wamesimama studio mbele ya pazia lililochorwa minazi. Picha ya Drive-in haikuwamo hata moja. Nilipomwuliza mzee alicheka, akasema, "Mwanangu, sote tulikuwa tunaangalia mbele. Nani angegeuka nyuma atupige picha?"

Maneno hayo yana uzito. Sinema ni mahali ambapo macho yote huelekea upande mmoja, na kwa sababu hiyo jumba lenyewe huponyoka. Sanduku la kukatia tikiti, ngazi zilizolika katikati, chumba cha mwonyeshaji chenye tundu la kupitishia mwanga, viti vyenye namba zilizofifia: hivyo vyote huondoka pamoja na kifusi.

Bado tunayo majumba yanayosimama. Unguja, katika Mji Mkongwe, ipo Majestic ya Vuga, iliyojengwa upya mwaka 1955 baada ya moto. Na katika miji mingi ya Bara na Pwani msomaji anaweza kulionyesha kwa kidole jengo lililokuwa sinema na sasa ni ghala, duka au nyumba ya ibada.

Basi nakushauri hivi. Jumapili moja, baada ya chakula, wachukue watoto pamoja na simu yako yenye kamera, mwende mpaka penye sinema ya zamani ya mji wenu. Mwombe ruhusa mlinzi au mwenye jengo. Piga uso wa jengo, kisha ingia ndani ukiruhusiwa, usimame mahali pa kiwambo, ukipe mgongo, na upige viti. Pima upana kwa hatua, uuandike. Mtafute mzee aliyewahi kukata tikiti au kuendesha mashine, umpige picha naye, na nyuma ya picha uandike jina na mwaka.

Usingoje tangazo la kubomoa. Kule Omaha, tangu tangazo hadi tingatinga, haukupita hata mwaka mmoja.