Kadi za Magritte Mjini Brussels

Anayetaka kadi za picha za wasurialisti na aende Brussels. Paris ndiko André Breton alikotoa tamko la kundi hilo mwaka 1924, hilo halina ubishi. Lakini Brussels ndiko mchoraji René Magritte alikoyatazama mambo ya mtaani kwake mpaka yakageuka maajabu.

Makumbusho yake yako Place Royale. Yalifunguliwa mwaka 2009 na yana kazi zake zaidi ya 200. Usianzie dukani. Nenda kwanza ukasimame mbele ya L'Empire des lumières ya mwaka 1954, picha yenye kimo cha karibu mita moja na nusu. Chini ni usiku: nyumba, miti, taa ya barabarani ikimulika majini. Juu ni mchana mweupe wenye mawingu. Kaa hapo hadi macho yazoee giza lile, uone kwamba si jeusi tupu.

Sasa shuka ukachague. Kadi iliyochapwa vizuri inakuonyesha matawi ndani ya giza. Mbovu imepakwa wino mweusi, basi. Iliyokatwa kingo siigusi kabisa. Igeuze pia: jina la picha, mwaka na vipimo viwepo, maana atakayeipokea mbali ana haki ya kujua anatazama nini. Wala usidhani hiki ni kitu duni. Mshairi Paul Éluard alikusanya kadi kwa mapenzi makubwa, na mwaka 1933 aliandika kuzihusu katika jarida la Minotaure.

Kisha panda tramu hadi Jette, Rue Esseghem namba 135, walikopanga Magritte na mkewe Georgette kuanzia 1930 hadi 1954. Nyumba ni ndogo, ya matofali, kama za jirani. Kibandani, bustanini, alichora matangazo ya biashara ili wapate kula. Picha zake mwenyewe alizichora ndani ya nyumba. Sebuleni kuna meko. Ndiyo meko ambamo, katika La Durée poignardée ya mwaka 1938, garimoshi linachomoza likitoa moshi. Picha yenyewe iko Chicago, na meko haihamishiki. Ukiishika kadi yake mbele ya meko ile, picha imerudi ilikozaliwa. Sijui zawadi kubwa kuliko hiyo kwa bei ya kipande cha karatasi.

Kadi zangu huziandikia Matonge, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Place Royale. Mtaa huu wa Ixelles umepewa jina la Matonge ya Kinshasa. Kilingala ndicho kimetawala, ila kwa wasusi hukosi Kiswahili cha Bukavu au cha Bujumbura. Msusi mmoja aliichukua kadi ya L'Empire des lumières mkononi mwangu.

“Dada, hii taa wameiwasha mchana?”

Nikamwambia mbinguni ni mchana, nyumbani ni usiku. Akamwita mwenzake. Huyo akashikilia kuwa ni alfajiri, taa hazijazimwa tu. Wa kwanza akakataa: mawingu yale ni ya saa sita! Mteja, nywele zimesukwa nusu, naye akaingilia kati, na kadi ikaishia kubandikwa kwenye kioo ili wateja wengine waamue. Ilikuwa ya shangazi yangu wa Tanga. Nikaharakisha kurudi Place Royale kumnunulia nyingine kabla duka halijafungwa.