Mbwa wa Nani?

Jumamosi moja mbwa wa jirani yangu hapa Berlin alichomoka mlangoni, akashuka ngazi mbio hadi uani na kuiangusha baiskeli yangu. Taa ilivunjika, kiti akakitafuna. Nikaanza kupanga maneno ya Kijerumani, hasa yale makali. Hayakuhitajika. Jioni jirani huyo alibisha hodi, akanipa namba ya bima yake na kuniambia nipige picha.

Kifungu cha 833 cha sheria ya madai ya Ujerumani, iliyoanza kutumika mwaka 1900, kinasema anayefuga mnyama hulipa hasara ya mnyama huyo. Kama unamfuga kwa mapenzi tu, hata ukiapa kwamba mlango uliufunga, unalipa. Anayeweza kujitetea kwamba alikuwa mwangalifu ni yule ambaye mnyama wake ni wa kazi, kama mbwa wa mchungaji. Tena Berlin kila mbwa huwekwa chipu chini ya ngozi na kukatiwa bima isiyopungua yuro milioni 1, na mwenye mbwa mmoja hulipa kodi ya yuro 120 kwa mwaka. (Nilipomsimulia mama yangu hayo ya kodi alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mbwa wenyewe wanapiga na kura.)

Nililipwa, ingawa walikata uchakavu.

Kwa mama, Muheza, Tanzania, mbwa aliingia bandani usiku akaua kuku sita. Mtaa mzima unamjua: anakula kwa mzee wa nyumba ya nyuma na kulala barazani kwake. Mbele ya balozi wa nyumba kumi, mzee akasema, "Huyo anakuja tu. Mimi sijamnunua." Fidia ikafia hapo, mama hata hajafika kwenye hesabu ya mayai. Sheria ya Wajerumani haiulizi nani kamnunua. Inauliza nani anamfuga.

Kwetu, kanuni za Kiingereza zilizopokelewa Tanganyika tarehe 22 Julai 1920 zinamtaka mdai athibitishe uzembe, au kwamba mwenye mbwa alijua tabia mbaya ya mnyama wake. Ndiyo maana vile vibao vya "Mbwa Mkali" hunichekesha. Mwenye nyumba anadhani kibao kinamkinga, kumbe kinaweza kuwa ushahidi kwamba alijua. Waingereza wenyewe waliandika upya kanuni zao mwaka 1971. Sisi bado tunazo, lakini nani ataenda mahakamani kwa kuku sita?

Siku ya tatu, magharibi, mjukuu wa mzee alifika kwa mama na mitetea wawili waliofungwa miguu.

"Shikamoo bibi. Babu kasema hawa wa kufuga."

"Marahaba. Na yule mbwa?"

"Babu kasema si wake."