Kwenda Rwanda kwa Njia ya Halali



Sisi wa Ngara tuna majirani ng'ambo ya mto Kagera. Wengi tuna ndugu Rwanda, na wengine tumeoza mabinti huko. Rwanda ni nchi ndogo, yenye kilometa za mraba 26,000 hivi. Lakini hata nyumba ndogo ina mlango, na mgeni mwema hupita mlangoni.

Mlango wetu ni Rusumo. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani vilizinduliwa mwezi Aprili 2016. Nimevuka hapo mara kadhaa. Panda gari la kwenda Rusumo, malizana na maofisa wa Uhamiaji, kisha panda gari jingine la Kibungo au Kigali.

Kwanza, tafuta hati. Mtanzania aendaye Rwanda awe na pasipoti. Asiye nayo aende ofisi ya Uhamiaji, aulizie hati ya dharura ya safari. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na sisi raia wa Jumuiya hatulipi ada ya viza. Ulizia pia habari za chanjo kwenye kituo cha afya, maana masharti hubadilika magonjwa yanapozuka.

Mama mmoja wa darasa letu alikwenda Kibungo kumwona binti yake aliyejifungua. Karibu na mpaka kijana mmoja akamwambia, "Mama, nipe pasipoti na shilingi elfu ishirini, nikakugongeshee mhuri."

Mama akajibu, "Asante, mwanangu. Pale pameandikwa Uhamiaji. Nitaingia mwenyewe."

Alipata mhuri wake bila kulipa hata senti moja. Tena aliisoma tarehe kabla ya kuondoka dirishani. Fanya hivyo nawe.

Wapo wasemao kwamba njia za panya ni rahisi. Mimi nasema ni ghali. Maji ya Kagera yana kasi. Na mtu aliyeingia bila mhuri, akiibiwa, huogopa kwenda polisi.

Ukishavuka, kumbuka mambo manne. Magari ya huko hupita upande wa kulia. Unapovuka barabara, tazama kushoto kwanza. Saa zao ziko nyuma: kwetu ikiwa saa tatu, kwao ni saa mbili. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu mwaka 2008, kwa hiyo beba kikapu. Tena, asubuhi ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi watu hufanya kazi za pamoja ziitwazo umuganda, na magari mengi husimama. Usipange safari asubuhi hiyo.

Kabla ya kuondoka, andika namba ya pasipoti yako kwenye daftari la kisomo, uliache nyumbani. Pasipoti ikipotea, watu wako wataisoma namba hiyo na kukusaidia.