Sokoni Darajani kwa Ajili ya Sahibu

Sahibu yetu wa Unguja alipopatwa na maradhi ya sukari, tabibu alimwagiza apunguze wanga. Naye akaacha kuitikia mialiko, kwani karamu ya Unguja ni pilau. Basi tulipomzuru tuliingia Darajani, soko lililojengwa mwaka 1904, tukatafute cha kumpikia. Muhogo na ndizi mbichi tulivipita. Wengi hudhani wanga ni wali na mkate tu! Tukanunua changu, bamia, mchicha na nazi. Samaki tulimchoma makaani, tukampaka tui zito lenye ndimu na pilipili. Kwa kuwa sahibu hujidunga insulini, tulimwuliza kwanza kiasi cha wali alichokadiriwa, maana kuukosa kabisa kwaweza kuishusha sukari kwa hatari. Tukazunguka sinia moja. Alikula vijiko vitatu vya wali, na changu akammaliza.