Mutakura: Paka wa Ngagara na Mbwa wa Jirani

Mtu atokaye katikati ya Bujumbura kuelekea kaskazini, akaipita Ngagara, hufika Cibitoke. Na ubavuni mwa Cibitoke ndipo ulipo mtaa wa Mutakura, katika tarafa ya Ntahangwa. Watalii hawaufuati mtaa huu. Nyumba zake ni za chini, zimeezekwa mabati, ua umegusana na ua. Jioni, jua linapotua nyuma ya milima ya Kongo, barabara zake hujaa watoto, baiskeli na akina mama wauzao mkaa.

Nilikwenda huko likizoni, kwa dada yangu. Mumewe ni askari polisi, na wiki hiyo hiyo walikuwa wamehamia kutoka Ngagara. Niliikuta nyumba imejaa huzuni, kwa maana paka wao alikuwa amepotea. Siku ya pili ya kuhamia mlango uliachwa wazi wakati kabati likiingizwa, naye akatoka asirudi. Mtoto mdogo alikuwa hali wala halali vizuri.

Mzee wa nyumba ya pili aliposikia habari hiyo alicheka kidogo, akasema, “Mwanangu, paka huwapenda watu wake, lakini nchi yake ni nyumba. Mwambie shemeji yako akamtafute walikotoka.”

Shemeji alikwenda Ngagara jioni mbili baada ya kazi. Jioni ya pili alimwona juu ya paa la jiko la nyumba ile ya zamani, amekonda, na wapangaji wapya walikuwa wakimfukuza kwa mawe wakidhani ni mwizi wa samaki. Alirudi naye Mutakura ndani ya kikapu kilichofungwa kwa kanga.

Jambo hili latuhusu hasa sisi wenye ndugu jeshini na polisi, ambao leo wapo Gitega, kesho Ngozi, mwakani Makamba. Paka hulitambua eneo lake kwa harufu, ambazo yeye mwenyewe huziacha kwa kujisugua mlangoni na ukutani. Ukimhamisha, umemnyima alama zote hizo. Kwa hiyo mfungie ndani ya nyumba mpya wiki mbili au tatu. Mwekee gunia lake la kulalia bila kulifua. Mlishe saa zile zile kila siku. Siku ya kwanza ya kumtoa, mtoe kabla ya chakula chake, ili njaa imkumbushe njia ya kurudi. Dume asiyehasiwa hutanga mbali zaidi, hivyo muulize mganga wa mifugo.

Jioni moja nilimwuliza yule mzee mbona mbwa wake mwekundu hutembea hadi mwisho wa mtaa na hakuna anayemrushia jiwe. Alinyamaza, kisha akanisimulia habari za mwaka 2015.

Wakazi wa Mutakura wanaukumbuka mwaka ule. Machafuko yalianza Aprili. Mapema mwezi wa Novemba, ilipokaribia siku ya mwisho iliyowekwa na serikali ya kusalimisha silaha, watu wengi waliuhama mtaa huu, magodoro yakiwa vichwani. Mzee naye aliondoka na wanawe. Hapakuwa na nafasi ya mbwa. “Nilimfungua mnyororo,” alisema, “maana kumwacha amefungwa ni kumwua.”

Waliporudi baada ya miezi saba, walimkuta hai. Bibi mmoja mzee wa ng’ambo ya barabara, ambaye hakuweza kuondoka, alikuwa akimtupia mabaki ya ugali. Alimwita kwa jina lake, na mbwa akaitika. Alilijuaje jina? Mzee alikuwa na desturi ya kumpitisha mbwa wake nyumba kwa nyumba tangu akiwa mdogo. Mbwa wengine, ambao siku zote walikuwa nyuma ya malango ya chuma na hawakujulikana na mtu, walifukuzwa kila walipokwenda. Yule mwekundu alikufa miaka michache baadaye kwa uzee; huyu wa sasa amerithi jina lake, naye amepitishwa nyumba zile zile.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mbwa ni majirani zake. Mjulishe kwao, na kwa mkuu wa nyumba kumi. Mvishe mkanda wa shingoni wenye kibati kilichoandikwa namba yako ya simu. Askari hahitaji kuelezwa thamani ya kibati hicho. Msimu wa mvua, radi zinapopasua anga ya Bujumbura, mwingize ndani, kwani mbwa mwenye hofu huruka ukuta ambao siku nyingine hauwezi. Jumamosi asubuhi, watu watokapo kwa kazi za jumuiya, tazama lango limefungwa.

Akipotea, anza na karibu: chini ya magari, mitaroni, nyuma ya majiko. Paka mwenye hofu hujificha hatua chache tu kutoka nyumbani. Mtafute usiku, ukimwita kwa sauti ya chini. Waambie watoto na walinzi wa usiku, maana wao huona mengi. Ukimwona mbwa wako, usimkimbilie; chutama umwite.

La mwisho ni chanjo. Mbwa aliyepotea akirudi ameumwa na mwenzake, aweza kuleta kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo ukisha onyesha dalili kwa mtu, karibu daima huua. Chanjo ya mwanadamu imejulikana tangu Pasteur alipoitumia Paris mwaka 1885. Chanja mbwa na paka wako kila yanapofika majira yake. Mtoto akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku ile ile bila kungoja.

Siku niliyoondoka, mtoto wa dada yangu alikuwa mlangoni kwa yule bibi wa ng’ambo, kikapu mkononi. Alikuwa akimfundisha jina la paka wao.