Bolti ya Unyenyekevu



Neno letu leo ni 1 Petro 5:6-7. Petro anatuagiza tunyenyekee chini ya mkono wa Mungu ili atuinue kwa wakati wake, na papo hapo anatuambia tumtwike Yeye fadhaa zetu zote. Wiki hii nimeiona mistari hiyo ikifanya kazi chini ya gari.

Kijana mmoja wa kanisa letu aliachiwa na marehemu babake Isuzu TFR, zile pikapu za zamani zilizounganishwa Nairobi na kubeba mahindi na maziwa yetu hapa Uasin Gishu. Pua yake ilikuwa imeinuliwa mno, hata usiku taa zinawapiga watu machoni Uganda Road. Akataka kuishusha. Jirani akamshauri akate springi. Fundi wake pale Langas akacheka: "Pasta, hii mbele haina springi ya kukata. Ina tosheni baa."

Hicho ni chuma kirefu chini ya gari, kimoja kila upande. Mbele kimeshikana na mkono wa gurudumu, nyuma kinashikwa na bolti kwenye chesi. Gurudumu likipanda, chuma kinajipinda kama nguo inayokamuliwa, kisha kinarudi. Ukilegeza bolti, pua inashuka. Ukikaza, inapanda.

Tazama mambo matatu.

Kwanza, fundi hakugusa bolti kabla ya kuinua gari kwa jeki na kulikalisha kwa stendi. Uzito ukiwa juu yake, bolti inagoma, na ukilazimisha, meno yake yanaisha. Ndiyo maana Petro aliweka mambo hayo mawili pamoja. Mtu aliyebeba karo, kodi ya nyumba na ugonjwa peke yake, kila neno kwake ni vita. Mwachie Bwana mzigo kwanza, ndipo utaweza kushuka.

Pili, chuma kikilegezwa hakipungui nguvu. Ugumu wake ni uleule, kimo cha gari tu ndicho kimebadilika. Baba, ukimwambia mke wako "nisamehe", hujapungua. Unabeba nyumba ileile, ila sasa taa zako haziwapofushi watu.

Tatu, kuna kiwango. Fundi alihesabu mizunguko, kulia sawa na kushoto, akaacha nafasi juu ya ule mpira unaozuia chuma kisigonge chuma. Ukishusha kupita kiasi, gari linakaa juu ya mpira, na kila shimo linapiga chesi. Barabara zetu mnazijua.

Hapa nisikilizeni, wazazi na viongozi. Kuna vijana waliosimamishwa mbele ya watu, makosa yao yakatajwa moja baada ya jingine, na sisi tukasema wanafundishwa unyenyekevu. Kijana wa namna hiyo amekalishwa juu ya mpira. Hana tena nafasi ya kupokea shimo hata moja. Wengine hawajarudi kanisani, na wengine tunawapita wakiwa kwa chang'aa. Mungu anaposhusha mtu, huacha bolti mahali pake, ili wakati ukifika amwinue. Springi iliyokatwa haiongezeki tena.

Jambo la mwisho: siku hiyohiyo gari lilipelekwa alaimenti. Kimo kikibadilika, magurudumu huinama, na tairi huliwa upande mmoja. Nawe ukinyenyekea mbele za Mungu, usiishie magotini. Nenda ukapatane na watu.

Kwa hivyo kabla ya Jumapili, mpigie simu yule mtoto uliyemkata kwa maneno. Usimhubirie. Muulize kama amekula.

Tuombe: Baba, pokea mizigo yetu. Tushushe kwa mkono wako, wala si kwa midomo ya watu. Warudishe nyumbani watoto wetu. Katika jina la Yesu.

Andika AMINA, na umtaje mtoto wako kwa Mungu usiku huu.