Nyumba ya Mkate kwa Watoto wa Kibabi

Katika mwaka wetu wa pili tulipewa zoezi la kutafsiri hadithi ya Hänsel na Gretel, iliyochapishwa na ndugu Jacob na Wilhelm Grimm mwaka 1812. Wengi wetu tuliijua kwa picha tu: nyumba ndogo ya mkate wa tangawizi, na sukari nyeupe juu ya paa. Tulipoisoma neno kwa neno tulikuta mambo mawili yasiyoonekana katika picha. Tangawizi haimo, ndugu Grimm waliandika nyumba ya mkate, iliyoezekwa kwa keki, yenye madirisha ya sukari. Tena hadithi inaanza na njaa. Chakula kimeadimika nchini, na wazazi wanawapeleka watoto msituni ili wawaache huko. Anayeiona nyumba ile, basi, ni mtoto aliyetolewa kwao. Vitu viwili alivyonyang'anywa, chakula na makao, anavikuta mahali pamoja.

Huko Ujerumani na Marekani wazazi hutengeneza nyumba hizo pamoja na watoto wao wakati wa Noeli. Mimi nimezitengeneza Noeli tatu, pamoja na watoto watatu wa mama mdogo, na nimeanza kufikiri kwamba watoto wa kwetu wanaielewa hadithi hiyo kuliko wale wenye picha nzuri.

Ukitaja Kibabi mjini Goma, watu hukuuliza habari za madini. Sisi tuliokulia huko tunakumbuka zaidi vilima, ukungu wa asubuhi na ng'ombe. Desturi yetu ya Desemba ilikuwa pango la Noeli. Watoto waliteremka mtoni kuchimba udongo wa kufinyanga, wakatengeneza Maria, Yosefu na wachungaji, kisha wakaezeka pango kwa majani ya migomba. Kazi ya watu waliimaliza haraka, kwa kuwa hamu yao yote ilikuwa kwenye ng'ombe. Mwaka mmoja nilihesabu ng'ombe 14 na wachungaji wawili. Nyanya yetu, msimamizi wa kazi hiyo, hakuona kasoro. Alisema mtoto aliyezaliwa Masisi hawezi kukosa maziwa.

Noeli ya 2022 nilipofika likizo na habari za nyumba ya mkate, aliniuliza kwanza, "Udongo umekosa nini?" Swali la pili lilikuwa namna ya kuuoka huo mkate, nikajua amekubali.

Kazi yenyewe ni hivi. Unachukua kilo moja ya unga wa ngano, vikombe viwili vya sukari, margarini kidogo na tangawizi mbichi iliyotwangwa. Tangawizi si shida kwetu. Chai ya jioni haikamiliki bila hiyo. Maji huwekwa machache sana, kwa sababu mkate laini hausimami. Kuta hukatwa kwa kufuata vipande vya jalada la daftari la zamani. Hatuna tanuri, kwa hiyo tunaweka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, sahani ya bati juu ya mchanga, kifuniko, kisha makaa juu ya kifuniko na mengine chini. Vipande vikiiva vinalala usiku kucha vikauke. Asubuhi unayeyusha sukari mpaka iwe na rangi ya asali, na hiyo ndiyo gundi. Hapo watoto hawakaribii, maana sukari hiyo inaunguza vibaya kuliko maji ya moto. Kazi yao ni kushikilia kuta na kuzizuia kwa makopo ya tomati hadi gundi ishike.

Miaka miwili tulijenga hivyo Kibabi: nyumba ya mkate ndani, pango la udongo nje.

Mwanzoni mwa 2024 vita viliwakimbiza. Mama mdogo, nyanya na watoto walipita Sake kabla ya barabara kuwa uwanja wa mapigano, wakaingia katika kambi ya wakimbizi upande wa magharibi wa Goma. Kibanda chao kilikuwa cha fito zilizokunjwa mfano wa upinde na kufunikwa kwa shitingi, lile turubai jeupe la msaada. Mtu mzima hakuweza kusimama wima ndani yake. Mimi nilikuwa nimepanga chumba mjini, na Desemba ilipofika niliwaleta kwangu. Unga na tangawizi nilinunua soko la Virunga. Mchanga tuliutumia ule mweusi wa volkano, ambao Goma haujawahi kupungua.

Yule mkubwa, wa miaka 11, alikata kuta bila kuuliza mtu. Alichora mistari kwa kisu ili zionekane mbao, maana nyumba yetu ya Kibabi ni ya mbao. Akaezeka mabati, akaweka jikoni peke yake nyuma ya nyumba, na pipa la kukinga maji ya mvua kwenye kona ya kushoto. Wa kati akamkumbusha mlango wa jikoni unatazama wapi. Wakabishana, nyanya akaamua.

Kitinda mimba, wa miaka 5, alichukua kipande chake kikiwa bado cha moto, kabla hakijawa kigumu, akakilaza juu ya chupa. Kilipopoa kilikuwa kimejikunja nusu duara. Akakisimamisha mezani.

"Yaya, nyumba yangu imeisha."

"Hiyo si nyumba," mkubwa akasema. "Nyumba ina kuta."

"Ni nyumba. Sisi tunalala wapi?"

Hakuna aliyemjibu haraka. Nyanya aliziangalia zote mbili, akamwambia mkubwa, "Mwache. Wewe umejenga unayoikumbuka, naye amejenga anayoijua." Kisha akamwita mdogo, akaanza kumwonyesha kwa kidole ile ya mbao: hapa ndipo ulipozaliwa, hapa mama yako alipikia, hapa ulianguka ukaumia goti. Mtoto aliuliza maswali mengi kuhusu pipa.

Siku ya Noeli alivunja kibanda chake mwenyewe akatugawia, akicheka. Nyumba ya mbao mkubwa alikataa isiguswe mpaka Bonane. Sisimizi waliiwahi siku mbili kabla, tukala kilichobaki kwa chai.

Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa M23, na mwezi Februari kambi zilizouzunguka mji zilivunjwa. Fito zikang'olewa, shitingi zikakunjwa, watu wakaambiwa warudi walikotoka. Mama mdogo alirudi Kibabi pamoja na nyanya na watoto, bila kujua atakuta nini. Aliponipigia simu alisema nyumba imesimama. Milango hakuna, baadhi ya mabati yamechukuliwa, na ukuta wa upande mmoja umetolewa mbao, pengine za kuni. Jikoni halipo kabisa.

Kisha akaniambia kuhusu kitinda mimba. Walipofika uani, mtoto huyo, ambaye mama yake aliamini hakumbuki chochote, alizunguka moja kwa moja hadi kona ya kushoto, akarudi akiuliza, "Pipa liko wapi?"

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi. Katika kitivo chetu tunajifunza kwamba watu huhifadhi kwao katika lugha: majina ya vilima, methali, nyimbo. Mtoto huyu alihifadhiwa kwao katika unga na sukari, kwa mikono ya kaka yake na kidole cha nyanya, muda wa siku tatu, halafu tukala. Sijui kama angelikumbuka pipa kwa kuambiwa tu.

Sasa Desemba inakaribia tena. Mama mdogo anasema milango kwanza, mkate baadaye, na ana haki. Lakini watoto wamekwisha kuniagizia. Tangawizi wanayo, udongo wa ng'ombe unawangoja mtoni. Wanataka niwatumie unga wa ngano kilo mbili badala ya moja, kwa sababu mwaka huu, wanasema, jikoni litajengwa kubwa.